Chuku na Kasumba

Shangazi yangu, aliyeishi na kufia katika mji wetu wa Tanga, aliulizwa siku moja na daktari kijana, mtu mwenye adabu na haraka kwa pamoja, kwamba lau angeyapima maumivu ya magoti yake kwa hesabu ianziayo sifuri na kukomea kumi, angeyatia katika daraja gani, naye, baada ya kuwaza kitambo na kuuweka sawa mtandio wake, akamjibu, "Mwanangu, miaka thelathini nimeuza mchele, nimepima kwa pishi na nimepima kwa kibaba, lakini hiki unachoniuliza hakina kipimio." Daktari akatabasamu, akaandika saba. Mara nyingi nimejiuliza saba ile ilitoka wapi, maana haikutoka kinywani mwa mgonjwa wala haikuonekana mwilini mwake, na hata hivyo juu ya saba hiyo ndipo ulipojengwa uamuzi wa vidonge alivyomeza kwa muda wa miaka miwili.

Katika mambo yote yampatayo mwanadamu, maumivu ndiyo yasiyo na shahidi. Homa hupimwa, jeraha huonwa, mfupa uliovunjika hupigwa picha ukaanikwa mbele ya taa. Bali maumivu yakimfika mtu, mdai na shahidi huwa nafsi moja, na hakuna kadhi wala hakimu apendaye kuhukumu kwa ushahidi wa namna hiyo. Wazee walilijua hilo waliposema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na kwa kuwa hayana shahidi wa nje, lugha imejitwisha kazi ya kuyatolea ushahidi: Mswahili hasemi tu kwamba aumwa, husema ana kichomi, au mkato, au tumbo lamsokota, au jipu lapwita, au kidonda chamchonyota, au kichwa kimeshikwa na kipandauso. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyagawa maumivu katika aina 15 ndani ya kitabu chake kikuu cha utabibu, na mimi nina yakini kwamba kina mama watatu wa Ngamiani, mjini kwetu, wakikaa barazani baada ya sala ya alasiri, wangeipita idadi hiyo kabla ya kahawa kupoa.

Ugonjwa wa shangazi tuliuita baridi yabisi, na daktari naye aliuita hivyo hivyo, wala hakuna hata mmoja wetu aliyesita kufikiri kwamba maneno hayo mawili ni masalio ya elimu ya kale, elimu ya joto na baridi, umajimaji na ukavu, iliyotungwa na Wayunani, ikalelewa na Waarabu na Waajemi, ikateremka pwani yetu katika majahazi pamoja na tende na mazulia. Yabisi ni kukauka. Mgonjwa akitamka jina hilo mbele ya daktari aliyesomeshwa Muhimbili, humsomea bila kujua ukurasa wa vitabu ambavyo daktari huyo hakupata kuvifungua. Na daktari akiliandika katika kadi, hutia sahihi yake chini ya elimu asiyoiamini. Basi watu wanaohangaika leo wakiuliza kama tiba za ziada na tiba mbadala zaweza kukaa nyumba moja na tiba ya hospitali katika kuyatuliza maumivu, wajue kwamba katika ulimi zilikwisha kuingia nyumba moja zamani, na hazikugombana.

Sheria nayo imekwisha kufungua mlango. Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 uliwataja waganga wa jadi miongoni mwa watu wanaofaa kutumika katika afya ya msingi, na Tanzania ilitunga mwaka 2002 sheria ya tiba asili na tiba mbadala pamoja na baraza la kuzisimamia. Lakini mlango wa sheria si mlango wa dhamiri. Swali linalonikera halitajibiwa na cheti cha usajili, nalo ni hili: je, ni halali kumtuliza mwenye maumivu kwa jambo ambalo nguvu yake, au sehemu kubwa ya nguvu yake, ni tumaini la mgonjwa mwenyewe? Na nyuma ya swali hilo limejificha swali kongwe zaidi, kama mtu amfuataye Mungu ana ruhusa ya kuyakimbia maumivu hata kidogo.

Nianze na hilo kongwe, kwa kuwa bado lina wafuasi. Imesimuliwa juu ya Urwa mwana wa Zubeir, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Madina, kwamba mguu wake ulioza hata ikalazimu kukatwa, na matabibu walipomtaka anywe kinywaji cha kumwondolea fahamu alikataa, akawaambia waukate naye akimtaja Mola wake. Masimulizi haya hupendwa sana na wahubiri, na mimi pia nayapenda. Ila nimeona kwamba aghalabu hutumiwa kwa watu wasiostahili kuhubiriwa, kama yule mama aliyekuwa akilia wodini kwa saratani, akaambiwa na mtu aliyekuja kumtazama kwa dakika kumi, tena mwenye afya ya farasi, kwamba astahimili kama Urwa. Urwa hakustahimilishwa na mtu. Subira ni vazi ambalo mtu hujivika mwenyewe. Akivikwa na mwingine kwa nguvu huitwa kwa jina jingine.

Fauka ya hayo, waliompigia Ayubu mfano wa subira husahau jinsi kisa chake kilivyokwisha katika Kurani. Rehema ilipomjia baada ya dhiki yote ile, haikuja kwa hotuba ya kumsifu. Aliamriwa apige ardhi kwa mguu wake, na hapo pakatoka maji baridi ya kuoga na ya kunywa. Aliyemjaribu ndiye aliyemwandalia tiba, na tiba yenyewe ilikuwa ya maji. Na Mtume aliyewafundisha watu kwamba hata mwiba umchomao muumini humfutia dhambi, ndiye huyo huyo aliyewaambia wajitibu kwa kuwa hakuna ugonjwa usioteremshiwa dawa isipokuwa uzee. Kafara ya mwiba haikuzuia mwiba kung'olewa.

Wakristo nao walikuwa na mjadala wao. Daktari James Young Simpson wa Edinburgh alipoanza mwaka 1847 kuwapa wanawake klorofomu wakati wa uzazi, walitokea watu waliosema kwamba mwanamke ameandikiwa kuzaa kwa uchungu na kwamba kumpunguzia ni kumpinga Muumba. Naye akawajibu kwa kitabu kile kile walichokishika, akawakumbusha kwamba Mungu alipotaka kutoa ubavu wa Adamu alimtia kwanza katika usingizi mzito. Jawabu hilo lina ucheshi kuliko mantiki, lakini lilifanya kazi. Miaka 110 baadaye, Februari 1957, Papa Pius XII aliwajibu madaktari wa usingizi waliomletea maswali yao, akakubali kwamba ni halali kuyazima maumivu kwa dawa, hata ikiwa dawa hiyo yaweza kuufupisha uhai, maadamu nia ni kutuliza wala si kuua na hakuna njia nyingine. Kwa hiyo hakuna haja ya kuendelea kubishana katika jambo hili. Mtu ana ruhusa ya kutafuta nafuu. Kilichobaki ni kuuliza aitafute kwa nani, na huyo wa kumpa nafuu amwambie nini.

Hapa ndipo lugha yetu inapokuwa mwalimu mkali. Waswahili wa zamani waliiita afyuni kasumba, na katika afyuni ndimo Mjerumani Sertürner alimotenga mofini mwanzoni mwa karne ya 19, dawa ambayo mpaka leo ndiyo nguzo ya hospitali yoyote inayowatuliza wenye saratani. Lakini kasumba katika vinywa vyetu haikubaki kuwa jina la dawa. Imekuwa jina la fikira aliyolishwa mtu mpaka akashindwa kufikiri, na mtu akiambiwa ana kasumba hukasirika, ingawa hajapata kuliona ua la afyuni. Upande wa pili yuko mwumishi, fundi wa kuumika, ambaye chombo chake ni chuku, pembe ya ng'ombe iliyotobolewa nchani, hubandikwa juu ya ngozi iliyochanjwa, huvutwa pumzi kwa mdomo, kisha hufungwa kwa nta ili damu ije juu. Kupiga chuku ni kuifanya kazi hiyo. Na kupiga chuku, kila mtoto ajua, ni kutia chumvi katika maneno, kuivimbisha habari kama ngozi inavyovimba ndani ya pembe. Sijui kama kuna lugha nyingine iliyozitoza kodi tiba zake mbili za maumivu kwa usawa wa namna hii, ikaifanya dawa ya daktari kuwa jina la akili iliyolala na chombo cha mwumishi kuwa jina la uongo uliovimba. Wazee hawakuzikataza. Walizitumia zote mbili, na wakaacha onyo ndani ya jina.

Kasumba ya hospitali ina nyuso mbili. Uso wa kwanza ni hofu: kwa miaka mingi wagonjwa wa saratani katika nchi zetu walikufa wakipiga kelele, dawa ikiwa imefungiwa kabatini kwa kuogopwa uraibu, kana kwamba mtu aliyebakiwa na majuma matatu ya kuishi angepata nafasi ya kuwa mraibu. Aliyeivunja hofu hiyo kwa vitendo ni daktari Anne Merriman, aliyeanzisha mwaka 1993 huko Kampala nyumba ya kuwahudumia wagonjwa mahututi, ambako unga wa mofini huchanganywa na maji na kutiwa rangi, ili nguvu moja isidhaniwe nguvu nyingine. Na mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu hata wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika dawa hiyo. Uso wa pili ni tamaa. Huko Marekani, kuanzia mwaka 1996, kidonge cha jamii hiyo hiyo ya afyuni kiliuzwa kwa madaktari kwa maneno matamu kwamba hatari yake ya uraibu ni ndogo, na ilipofika mwaka 2007 kampuni yenyewe ilikiri mahakamani kosa la kupotosha watu juu ya hatari hiyo, ilhali makaburi yalikuwa yamekwisha kujaa. Kasumba ilirudi kwa maana zake zote mbili mara moja.

Sasa nije kwa mwumishi na wenzake, wachuaji, wafukizaji, wachoma sindano wa Kichina, waandishi wa makombe, na nianze na utafiti mmoja ambao kila ninapousoma huniondolea usingizi. Huko Ujerumani wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya kiuno waligawanywa mafungu matatu, na matokeo yakatangazwa mwaka 2007. Fungu la kwanza walichomwa sindano mahali panapotakiwa na elimu ya Kichina; la pili walichomwa sindano za juujuu mahali pasipo na maana yoyote katika elimu hiyo; la tatu walipata tiba ya kawaida ya vidonge, mazoezi na viungo. Baada ya miezi sita, walioonekana kupata nafuu katika fungu la kwanza ni asilimia 47.6, katika la pili asilimia 44.2, na katika la tatu asilimia 27.4. Mshabiki wa sindano atashangilia kwa kuwa sindano iliushinda udaktari. Mpinzani wake atacheka kwa kuwa sindano ya kweli haikuweza kuishinda ya uongo kwa kiasi cha kutajika. Na wote wawili, katika kushangilia na kucheka, wamempita mgonjwa kando ya njia, ambaye hakujua sindano yake ni ya fungu gani na alichojua ni kwamba asubuhi ile aliinama akafunga viatu vyake mwenyewe.

Nafuu hiyo ilitoka wapi? Si kwamba maumivu yale yalikuwa ya kubuni. Mwaka 1975 wanazuoni wa Aberdeen walikuta ndani ya ubongo kemikali zifanyazo kazi ya mofini, na mwaka 1978 wenzao wa San Francisco wakafanya jaribio kwa watu waliong'olewa meno: waliwapa dawa bandia isiyo na kitu ndani yake, baadhi yao wakapata afueni, kisha wakawapa dawa ya kuizuia afyuni isifanye kazi, na ile afueni ikawatoka. Maana yake ni nzito. Tumaini halikuwapumbaza wasisikie maumivu; tumaini liliufanya mwili ufungue ghala yake ya afyuni na kujipimia. Kila mmoja wetu anatembea na duka la dawa kifuani pa akili yake, na ufunguo wake mara nyingi uko mkononi mwa mtu mwingine, yule anayeketi, anayeshika bega, anayesikiliza bila kutazama saa. Shangazi alipokwenda kwa mwumishi alikaa saa nzima. Aliulizwa juu ya usingizi wake, juu ya marehemu mumewe, juu ya mwanawe aliyeko Maskati ambaye hakuleta barua, na magoti yakafika mwisho kabisa. Kwa daktari alikaa dakika nne, na magoti yalifika mwanzo na mwisho. Simlaumu daktari, nje walikuwa wamekaa watu sitini. Natafuta tu kujua kipi kilichotibu.

Wala nisionekane kusema kwamba kila kilicho nje ya hospitali ni tumaini tupu. Mafuta ya karafuu, ambayo bibi zetu waliyatia kwa pamba katika jino bovu, yana kitu kinachofisha ganzi, na madaktari wa meno wamekitumia miaka mingi katika viziba vyao. Mtu wa Pemba akikikuta kwenye kiti cha daktari wa meno huko Ulaya ana haki ya kusema kwamba amekutana na jirani. Pilipili iwashayo hutiwa katika plasta na malhamu za kutulizia neva zilizoharibika, na David Julius, aliyegundua mwaka 1997 lango la mwilini linaloupokea mwako wa pilipili, alitunukiwa Nobel mwaka 2021. Kuchua nako kuna hoja yake: tangu mwaka 1965 Melzack na Wall waliposema kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango ambalo mguso huweza kulifunga maumivu yasipite, tumeelewa kwa nini mama hulisugua paji la mtoto aliyejigonga kabla hata hajamwuliza amejigonga wapi.

Lakini turudi kwenye tumaini, maana hapo ndipo penye hatari. Tumaini hutuliza maumivu. Haliupunguzi uvimbe, haliui mdudu wa kifua kikuu, wala halimrudishii mtu sukari yake mahali pake. Mwaka 2011 nchi nzima ilishuhudia umati ukimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyetoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, watu walitoka hata nje ya Tanzania, na wako waliofia njiani. Sina ulimi wa kuwadhihaki watu wale, maana mfa maji haulizi gogo lina miiba. Wala bei ya kikombe haikuwa bei ya mlafi. Madhara hayakuwa katika kikombe. Yalikuwa katika neno moja lililozunguka nacho, kwamba kimeponya, na kwa ajili ya neno hilo wako waliotupa dawa zao za UKIMWI.

Ubaya mwingine huuzwa kimya kimya, nao ni ule unga wa viungo katika chupa isiyo na jina, uitwao wa asili, ambao mara nyingi wakaguzi wa nchi mbalimbali wameukuta umechanganywa kwa siri na dawa kali za hospitali, zile za kupunguza uvimbe ambazo zikitumiwa muda mrefu bila usimamizi huufanya uso kuvimba kama mwezi, mifupa kudhoofika na sukari kupanda. Mnunuzi hupata nafuu ya ajabu na kuisifia miti. Huo nao ni muungano wa tiba mbili, ila uliofungishwa na mwizi, usiku, bila mashahidi.

Basi je, tumaini lisilo la uongo lawezekana, au faraja yote hii yaishi kwa kudanganya? Nilidhani kwa miaka mingi kwamba haiwezekani, kwamba anayetaka kuifungua ghala ile hana budi kupiga chuku. Nilibadili rai nilipopata habari za jaribio lililofanywa Ureno na kutangazwa mwaka 2016, ambapo wagonjwa wa maumivu sugu ya mgongo waligawanywa, wengine wakaendelea na tiba yao, na wengine wakaongezewa vidonge vitupu, tena wakaambiwa waziwazi, kwa lugha ya kweli, kwamba ndani yake hamna dawa na kwamba mwili wenyewe waweza kuitikia. Baada ya majuma matatu waliopewa vidonge vitupu walikuwa na nafuu iliyowazidi wenzao. Jaribio ni dogo, na majuma matatu si umri. Hata hivyo linatosha kuivunja hoja kwamba uongo ni kiungo cha lazima katika mchuzi huu. Mwumishi aweza kuiacha chuku ya ulimi na kubaki na chuku ya pembe. Aweza kusema, "Haya yatakupa wepesi, wala hayatauondoa ugonjwa, na vidonge vya daktari usiviache," na mgonjwa akatoka kwake mwepesi vile vile.

Kwa upande wa hospitali, wajibu wake wa kwanza ni kuuliza. Masahaba walipokuja na maneno ya kujizingulia waliyoyarithi tangu zama za ujinga, Mtume hakuyakataza yote kwa mara moja wala hakuyahalalisha kwa jumla. Aliwataka wamwonyeshe, akasema hayana ubaya maadamu hamna shirki ndani yake. Naona hekima kubwa katika kule kutaka aonyeshwe. Muuguzi mmoja, katika hospitali nisiyotaka kuitaja, aliziona alama za chuku mgongoni mwa shangazi akamgombeza mbele ya wagonjwa wote, akamwita mshamba. Tangu siku hiyo shangazi aliendelea kuumika na akaacha kusema, na hakuna aliyepata nafasi ya kumwuliza kama wembe ulikuwa mpya, au kumwambia kwamba mtu anywaye dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi hapaswi kuchanjwa. Karipio lile halikuiondoa tiba mbadala mwilini mwake; liliiondoa kwenye kadi tu.

Nisemeje juu ya kombe? Aya zilizoandikwa kwa zafarani katika sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi, zikanywewa, hazitaki ithibati ya maabara wala maabara haina kipimio chake, kama vile shangazi hakuwa na kipimio cha ile saba. Mwenye kuandika kombe akisema kwamba anaomba, amesema kweli. Akisema kwamba anatibu saratani na kutaja bei, amekwisha kuishika pembe mdomoni.

Saratani ndiyo iliyomjia shangazi mwishowe, ikaanza titini ikaingia mifupani, na baridi yabisi ikawa kama mgeni wa zamani tunayemkumbuka kwa wema. Alirudishwa nyumbani na chupa ya mofini ya maji. Muuguzi aliyekuja kumtazama alikuwa mtu mwingine kabisa, mwanamke wa makamo kutoka Muheza, mpole, mwenye sauti ya chini. Siku ya kwanza alivua viatu mlangoni, akaketi kwenye mkeka, akaona sahani ya kombe juu ya stuli na kichupa cha mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu, na sisi wa nyumbani tukatazamana. Hakusema neno juu ya vitu hivyo. Alimwuliza, "Bibi, nionyeshe unavyotumia vyote, na saa zake," kisha akatoa daftari la shule, akapiga mstari kwa rula.

Shangazi hakujua kusoma herufi za Kizungu. Kila jioni alimtaka mmoja wetu amsomee ukurasa wa siku ile, naye hufumba macho akisikiliza, kama asikilizaye hesabu ya duka lake la zamani: saa kumi na mbili asubuhi, mofini, kijiko kimoja. Saa nne, mofini, kijiko kimoja. Baada ya adhuhuri, kuchuliwa mgongo, mafuta ya karafuu, polepole. Saa nane, mofini, kijiko kimoja. Saa kumi na mbili jioni, mofini, kijiko kimoja. Magharibi, kombe. Saa nne usiku, mofini, vijiko viwili, ili alale. Na pembeni, chini ya kichwa kilichoandikwa Maumivu, ambapo daftari nyingine huwa na tarakimu, muuguzi yule alikuwa ameandika maneno ya mgonjwa mwenyewe kama alivyoyatamka: jana yalikuwa ya gunia, leo ni ya kibaba na nusu.